Mgonjwa Namba Moja

"Saa nane kamati inakaa," Mkurugenzi wa hospitali alisema, akasukuma faili juu ya meza. "Ikiinuka, huyu bwana hana kazi, hana leseni, na jalada lake liko polisi."

"Umeshaamua, na kikao hakijakaa?" Afande aliuliza.

"Mimi sijaamua kitu. Kompyuta ndiyo imeamua."

Afande alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa mwanamama mnene, mvaaji wa raba, aliyemalizia miaka yake ya polisi kwenye dawati la upelelezi. Alipostaafu, hospitali ikampa meza ndogo karibu na lifti ili achunguze malalamiko. Sare aliirudisha. Jina la Afande watu walikataa kulirudisha, naye akachoka kubishana nao.

Alifungua faili. Mambo yenyewe yalikuwa mafupi na ya kutisha. Jumanne asubuhi, mgonjwa wa wodi ya upasuaji aliletewa mfuko wa damu kabla ya kuingizwa chumba cha operesheni. Kundi lake lilikuwa O hasi, damu ambayo wenye nayo ni wa kutafuta kwa tochi. Mfuko ulioletwa ulikuwa wa AB chanya. Ungemwingia, asingeliona jua la mchana. Lakini mgonjwa mwenyewe, macho yakiwa mazito kwa dawa, aliinua kichwa akasoma lebo ya mfuko, nesi akiwa tayari ameshika mpira wa kuunganishia damu, akasema taratibu, "Mwanangu, hii si yangu. Irudishe."

Hakuwa mgonjwa wa hivi hivi. Alikuwa Mama Chupa, mkuu wa zamani wa benki ya damu ya hospitali hiyo hiyo, aliyeanza kazi enzi damu ikihifadhiwa kwenye chupa za kioo na kustaafu ikiwa kwenye mifuko ya plastiki. Chupa zilikwenda zake, jina likabaki.

"Namshukuru Mungu kwa macho ya yule mama," Mkurugenzi alisema, na safari hii hakuwa akisema ili asikike. "Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, leo tungekuwa msibani."

"Na mtuhumiwa ni nani?"

"Mrefu. Mtaalamu wa maabara, zamu ya asubuhi." Akachomoa karatasi moja. "Soma mwenyewe."

Afande alisoma. Jumatatu mchana maabara ilipima sampuli ya mgonjwa ikaandika O hasi. Jumanne alfajiri na mapema, kabla wodi haijaagiza damu, O hasi iligeuzwa ikawa AB chanya. Akaunti iliyogeuza ilikuwa ya Mrefu. Baada ya hapo mfumo ulilinganisha mgonjwa na mfuko, ukaridhika, ukaruhusu.

"Na sababu anayo," Mkurugenzi aliendelea. "Alipokuwa mwanafunzi hapa, Mama Chupa alimfelisha mbele ya wenzake, akamrudisha mwaka mzima. Halafu Jumanne jioni, tumeshamsimamisha na kumkataza kukanyaga hapa, mlinzi kamwona anatoka uani ameinamisha kichwa. Mtu safi anajificha nini?"

"Hilo nitamuuliza yeye," Afande alisema, akaondoka na faili kwapani.

Hifadhidata ya hospitali ilikaa chumba cha chini kabisa, mahali pa baridi kuliko mochwari. Mtunzaji wake alikuwa bwana mwembamba wa sweta, na hospitali nzima ilimwita Bwana Toleo, kwa kuwa tangu toleo jipya la mfumo litangazwe hakuwa na hadithi nyingine. Hata kwenye arusi ya mhasibu alilizungumzia. Jumapili iliyopita alikesha peke yake akihamisha kila kitu kutoka toleo la zamani. Jumatatu watu wakaamka na kazi ya kumlaani: vitufe vimehama, rangi zimebadilika, maneno ya siri mafupi yamekataliwa.

"Umekuja kuniambia ni kosa la toleo," alisema kabla ya salamu.

"Nimekuja kukujulia hali. Habari za kazi?"

"Mbaya."

"Pole. Sasa nieleze hilo toleo lako kama unavyomweleza mama yako mzazi."

"Mama yangu hunikata kauli nikifika nusu."

"Mimi nitakusikiliza mpaka mwisho. Nalipwa kwa kazi hiyo."

Uso wa Bwana Toleo ulilegea. Alimvutia kiti, akamfutia vumbi kwa kiwiko cha sweta.

"La zamani lilikuwa na ugonjwa wa kusahau," alianza. "Ukifuta kitu ukaandika kingine, cha kwanza kimekufa, hukioni tena. Hili jipya halisahau. Kila unapobadilisha, linaweka pembeni kilichokuwepo, na nani kabadilisha, na saa ngapi. Hata mimi siwezi kufuta. Halafu zamani mgonjwa akija mara tano, mapokezi wanamfungulia kadi tano. Mtu mmoja anaonekana watano. Sasa wakiandika majina yake matatu na tarehe ya kuzaliwa, mfumo unatafuta wenyewe. Ukimkuta, unamrudisha kwenye namba yake ya kwanza. Mapokezi walifurahi. Hao ndio watu pekee waliofurahi."

"Kuna jingine?"

"Yapo mengi. Akiba ya kundi fulani la damu ikishuka, mfumo unawatumia ujumbe wachangiaji wa kundi hilo kwenye simu zao. Jumanne ulituma, O hasi ilikuwa inakwisha, na watu wakaja. Umesikia mtu akinipongeza?"

"Bado. Hii karatasi ya Mkurugenzi umeichapa wewe?"

"Aliniuliza nani aliandika AB. Nikamwonyesha nani aliandika AB."

"Yaliyotangulia na yaliyofuata hukumwonyesha?"

"Hakuuliza."

"Basi mimi nauliza. Nataka yote ya mgonjwa huyu, tangu Jumatatu mpaka dakika hii."

Bwana Toleo alikuna shingo. "Lazima Mkurugenzi aidhinishe. Anayechungulia naye anaandikwa."

"Mpigie. Akisitasita, mwambie Afande yuko mlangoni kwake. Ukishapata, nikute maabara."

Mrefu hakuwa mbali. Alikuwa kwenye kibanda cha chai upande wa pili wa barabara, amekaa akilitazama lango la hospitali, magoti yamegusana na uvungu wa meza. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi na kukunjwa mikono, koti jeupe la kazi liko begani.

"Umevaa vya kazini," Afande alisema, akaagiza chai.

"Nyumbani sijasema." Mrefu alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Tangu jana, asubuhi mke wangu ananipa koti, naaga, nakuja kukaa hapa. Jioni narudi. Leo sijui nitarudi na maneno gani."

"Ulimbadilishia yule mama kundi la damu?"

"Sikubadilisha."

"Akaunti si yako?"

"Ni yangu."

"Kuna mtu unampa neno lako la siri?"

"Simpi mtu."

"Umejifunga kamba mwenyewe, baba."

"Ndiyo maana silali, Afande. Mimi najua sijafanya, na karatasi inasema nimefanya. Nimefika mahali najishika kichwa nikijiuliza kama kimekaa sawa."

Afande alikoroga chai. "Ulijua mgonjwa ni Mama Chupa?"

"Ningejulia wapi? Sampuli inakuja na namba. Hata ingekuja na jina, ningelijuaje? Wewe unalijua jina la Mama Chupa?"

Jina lilikuwa ndani ya faili lililokuwa kwapani mwake, na bila kulifungua asingeweza kulitaja.

"Wanasema una kinyongo naye. Alikufelisha."

Hapo Mrefu alicheka, kicheko kidogo cha kweli. "Niliruka hatua ya kuhakiki. Hatua moja tu, nilikuwa nawahi mpira. Akanirudisha mwaka. Nililia, sikufichi. Lakini tangu siku ile sijaruka hata hatua moja, na hakuna mtu aliyedhurika mikononi mwangu. Mimi yule mama namshukuru kila siku ya kazi. Kinyongo cha nini?"

"Na Jumanne jioni? Umekatazwa kukanyaga pale, mlinzi anakuona uani."

Mrefu alitazama kikombe. "Nilisahau sweta."

"Joto lote hili?"

Mrefu alinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto, ilhali wakati wa salamu na wa kukoroga alitumia wa kulia. Ndani ya kiwiko cha kulia kulikuwa na plasta ndogo ya duara.

"Umeumia?"

"Mdudu kaniuma," Mrefu alisema, akakunjua mkono wa shati ukafunika plasta.

Afande alimaliza chai yake, akalipia vikombe viwili, akavuka barabara. Kabla ya kuingia alizunguka uani. Kulikuwa na mlango mmoja tu upande ule, umepakwa rangi nyekundu, na juu yake imeandikwa: Wachangiaji Damu. Alisimama pale kidogo, akatikisa kichwa, akaenda maabara.

Mkuu wa maabara alimpokea akiwa amesimama. Alikuwa bwana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja Mrefu.

"Nimeshaandika maelezo, kurasa nne," alisema.

"Nimezisoma. Mwandiko wako mzuri. Sasa nataka kuona asubuhi."

"Asubuhi ipi, Afande? Saa hizi ni mchana."

"Toka nje, ufunge mlango, uingie kama unavyoingia alfajiri. Fanya kila kitu. Usinieleze. Fanya tu."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake tangu polisi. Alishagundua kwamba mtu mkweli kabisa anaweza kukusimulia siku yake nzima na kuacha yale ambayo mikono imeyazoea mno. Wezi wawili aliwakamata hivyo, na wasio na hatia wengi zaidi aliwaachia hivyo.

Mkuu alitoka kama mtu anayeona anapotezewa muda. Akaingia. Akatundika koti la nje, akavaa la ndani. Akasoma kipimajoto cha friji ya damu. Akafuta meza kwa pamba. Akaiamsha kompyuta, akaweka neno lake la siri, vidole vikacheza kwenye vitufe, printa ikakohoa na kutema lebo nne. Akaziinua kwenye mwanga, akazitazama moja moja, akazitupa kwenye pipa. Kisha akavaa glovu.

"Sasa naanza kazi," alisema.

"Hiyo nyingine ilikuwa nini?"

"Ipi?"

"Lebo nne."

"Ah, ile? Ile si kazi. Tunaiamsha printa. Ikilala, wino unakauka, na AB inaweza kutoka A. Kwa hiyo tunachapa makundi yote manne, A, B, O, AB, yote chanya, tunaangalia kama yanasomeka. Kila asubuhi, anayefika wa kwanza. Mama Chupa mwenyewe ndiye alituzoesha hivyo."

"Kwenye maelezo yako hukuiandika."

"Nani ataandika kwamba amefuta miguu mlangoni?"

"Na lebo mnazichapa kwa mgonjwa gani?"

"Namba moja. Si mtu, Afande, ni mgonjwa wa majaribio. Yumo tangu kompyuta ya kwanza. Tunamwita Bibi Mzima, kwa kuwa kila siku yupo hospitali na hajawahi kuugua." Mkuu aliruhusu tabasamu. "Unaandika moja, unambadilishia kundi, unachapa. Unambadilishia tena, unachapa. Ukifika AB unamwacha hapo mpaka kesho."

Afande aliinama kwenye pipa, magoti yakalalamika. Akaokota lebo moja, akafungua faili juu ya meza iliyofutwa kwa pamba, akaviweka pamoja. Alisoma kule, akasoma huku.

"Njoo usome nawe," alisema.

Mkuu alisoma lebo. Akasoma faili. Akarudi kwenye lebo.

"Majina yote matatu," Afande alisema. "Na tarehe ya kuzaliwa."

"Haiwezekani. Hili tulidhani ni jina la kubuni. Mimi hili jina naliona kila siku ya Mungu."

"Na la kwenye faili uliliona jana."

"Nililiona." Mkuu alijifuta paji la uso kwa mkono wa koti. "Nimefanya kazi na yule mama miaka yote. Keki ya kumuaga tuliandika Mama Chupa. Zawadi tuliandika Mama Chupa. Sijawahi kumuuliza anaitwa nani."

Mlango ulifunguka, Bwana Toleo akaingia anahema, kompyuta ndogo imefunguka mkononi kama sinia.

"Afande, kuna kitu sikielewi. Jumanne si badiliko moja, ni manne. A, B, O, AB, yote kwa mfululizo, kufumba na kufumbua. Mhalifu gani anabadilisha mawazo hivyo? Halafu jana asubuhi tena, manne. Leo asubuhi tena, manne. Na Mrefu hajaingia humu tangu Jumanne."

"Akaunti ya nani?"

Bwana Toleo alimtazama Mkuu wa maabara, sauti ikapungua. "Ya Mkuu. Na mengine manne sasa hivi, wakati napanda ngazi."

Mkuu alijikalisha kwenye kigoda. Hakuna aliyecheka. Kwenye kioo cha kompyuta, mgonjwa aliyelala wodini, mwenye O hasi, alikuwa AB chanya kwa mara nyingine, na aliyemgeuza alikuwa bado amevaa glovu. Bahati nzuri tangu Jumanne damu ilikuwa ikitolewa kwa karatasi na kupimwa upya, mfumo hausikilizwi.

"Tulia," Afande alimwambia. "Hukufanya ubaya. Wala Mrefu hakufanya. Sikilizeni nilivyoelewa, nikikosea mnisahihishe. Jumatatu Mama Chupa anafika mapokezi. Anataja majina yake ya kitambulisho, ambayo humu ndani hakuna anayeyajua. Mfumo mpya unatafuta, unasema huyu tunaye, na kumpa namba yake ya kwanza. Na namba yake ni moja."

"Mtu mmoja, namba moja," Bwana Toleo alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Mchana maabara inapima, inaandika O hasi kwenye namba hiyo. Jumanne Mrefu anafika wa kwanza, anaamsha printa kama alivyofundishwa, anamwacha Bibi Mzima kwenye AB. Hakuruka hatua. Angeruka hatua, ndiyo ingekuwa salama. Baadaye wodi wanaomba damu."

Bwana Toleo alifunga kompyuta yake polepole.

"Kwa hiyo ni kosa la toleo," alisema. "La zamani lingempa Mama Chupa namba mpya, na haya yasingetokea."

"La zamani lingemfanya awe wagonjwa watano, na siku moja mmoja wao angepewa dawa ya mwingine. Toleo lako lilifanya lililoambiwa. Mwenye kosa ni aliyemwacha mtu halisi awe wa kujaribia printa, na hapo tumo wote. Leo hii Bibi Mzima umtoe humo, majaribio yawe na mahali pake." Afande alimshika bega. "Lakini nisikilize. Kama mfumo huu ungekuwa unasahau, saa nane mtu angepoteza kazi na kwenda jela, na mimi nisingekuwa na la kusema. Nani alikesha Jumapili?"

"Mimi."

"Asante sana. Nakushukuru kwa niaba yake, na kwa niaba ya watoto wake."

Bwana Toleo alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akairudisha usoni ikiwa na ukungu vilevile. "Hujambo sana, Afande," alisema, jambo ambalo halikuwa jibu, lakini lilipokelewa.

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama. Alichukua nakala ya zile kurasa nne, akazikunja, akazitia mfukoni nyuma ya kalamu.

"Kamati nitaiambia mimi," alisema. "Nilimtaja mwenzangu kwa hofu. Niliona lazima awe mtu, na asiwe mimi. Ungenihoji kwa mdomo, Afande, ningekuapia mpaka kesho. Nashukuru umenitoa nje ukanirudisha ndani."

Kamati ilikaa saa nane na kuinuka kabla wahudumu hawajamaliza kugawa maji. Mkurugenzi mwenyewe alivuka barabara kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha chai. Walioshuhudia wanasema alizungumza akiwa amesimama na Mrefu amekaa, na vichwa vyao vikawa sawa.

Afande hakwenda kushuhudia. Alikuwa wodini, kwenye kitanda cha dirishani, anamsimulia mwenye jina lile kisa chote. Mama Chupa alikuwa mama mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, macho hayatulii. Operesheni ilikuwa imekwenda salama Jumanne usiku, baada ya damu sahihi kupatikana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akakamata mshono.

"Usinichekeshe, nitafumuka," alisema. "Kweli bado wananichapa kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Ilikuwaje ukaingia humo?"

"Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, fundi akataka jina la mgonjwa wa mfano. Wauguzi wote wakatawanyika. Nani anataka kuandikwa mgonjwa na ni mzima? Ni kujiitia maradhi. Mmoja akajifungia chooni. Fundi wa watu kasimama peke yake, nikamwonea huruma. Nikamwambia, niandike mimi, ugonjwa ukinitaka unajua ninapokaa." Akajifuta machozi ya kicheko. "Haya, ugonjwa umekuja. Nimejitega mwenyewe."

"Na mwenyewe ukajitegua. Ungelala, tungekukosa. Nashukuru hukulala, mama."

"Mimi nashukuru zaidi." Mama Chupa aligeuka kwa tahadhari. "Sasa nisaidie jambo. Zile chupa mbili walizonipa nilizisoma lebo zote, nilikuwa sijaanza kusinzia. Moja ilitoka Jumanne hiyo hiyo jioni, wakaipima haraka haraka. Mtu aliitwa akaja mbio. Ni nani? Nataka nimshukuru."

"Kanuni hairuhusu kusema."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi."

"Ndiyo maana naiheshimu," Afande alisema, akatazama dirishani.

Mrefu aliingia wakati huo, koti jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mikono mirefu. Alisimama mbali na kitanda, mahali wanaposimama wanafunzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia nilitaka kukupeleka jela."

"Yameisha, Mama. Nimekuja kukuona tu. Pole sana."

"Sogea. Nipe mkono."

Mrefu alitoa wa kushoto.

"Tangu lini unanipa mkono wa kushoto?" Mama Chupa aliuliza.

Alitoa wa kulia. Mama Chupa aliupokea, akasukuma mkono wa koti taratibu mpaka juu ya kiwiko, akaitazama ile plasta ya duara. Maisha yake yote ya kazi alibandika plasta kama zile. Hakuhitaji kuelezwa na mpelelezi.

"Jumanne jioni," alisema.

Mrefu alijaribu kuuvuta mkono wake.

"Walikuwa wamekufukuza asubuhi yake."

"Ujumbe uliingia kwenye simu, Mama. Ulisema O hasi inahitajika. Nikapitia mlango mwekundu."

"Wakakuita mvamizi, na hukusema?"

"Mchangiaji hajitangazi. Ulitufundisha. Na ningesema, wangeona najisafisha."

"Ulijua ni mimi?"

"Sikujua. Ujumbe haukutaja mtu. Ulisema kuna mgonjwa."

Machozi yalimtoka Mama Chupa, naye hakuyazuia. Aliendelea kuushika ule mkono. Afande alijifanya anatafuta kalamu kwenye faili, naye pia alikuwa akilia.

"Asante, mwanangu," Mama Chupa alisema mwishowe. "Asante sana. Hebu niambie, jina lako kamili ni nani? Nililiandika mara moja, kwenye ripoti ya kukufelisha, nikalisahau. Safari hii sitaki kulisahau."

Mrefu alimtajia, majina yote matatu. Mama Chupa akayarudia polepole, moja moja, mpaka akayashika.